Stephens au Layard? Mawakili wawili walioacha kesi wakaenda kwenye magofu, uanze na yupi

Dogo mmoja wa kwetu yuko mwaka wa tatu sheria, ameshachoka, aliniomba nimtajie kitabu kimoja cha mtu aliyesomea uwakili halafu akaishia kuwa mwanaakiolojia na mwandishi. Kimoja tu, alisisitiza, maana bando lake dogo na muda hana. Nikajikuta nina majina mawili kichwani na siwezi kuchagua, nikaanza kumwandikia meseji, meseji ikawa ndefu, ndo hii sasa.

Wa kwanza ni John Lloyd Stephens, Mmarekani, kazaliwa New Jersey 1805. Wa pili Austen Henry Layard, Muingereza aliyezaliwa Paris 1817 na kukulia sana Italia. Yupo na wa tatu ambaye nitamtaja kwa sababu anatuhusu zaidi huku kwetu, ila huyo sio wa kumsoma kwa raha.

Tuanze na swala la uwakili wenyewe maana hapo ndo wanatofautiana kabisa. Stephens alikuwa wakili kweli kweli. Alimaliza Columbia pale New York akiwa na miaka 17, akasoma sheria Litchfield, akakubaliwa kuwa wakili, akafanya kazi hiyo New York karibu miaka minane huku akihutubia mikutano ya chama cha Rais Andrew Jackson. Kilichomtoa mjini ni koo. Koo lilimuuma, daktari akamwambia apumzike asafiri, basi 1834 akapanda meli kwenda Ulaya na hakurudi tena kwenye mafaili kwa moyo wote. Yaani sauti ndiyo ilikuwa mtaji wake, ikakata, akaanza kuandika.

Layard yeye alitupwa kwenye ofisi ya mjomba wake (mjomba halisi, kaka wa mama), Benjamin Austen, wakili London, na pale alikaa kama miaka mitano na ushee akinakili nyaraka na kuchukia kila siku ya maisha yake. Hata jina alibadilisha kumfurahisha mjomba, alikuwa Henry Austen akawa Austen Henry, si unajua tena mambo ya urithi. Alipofuzu mwaka 1839 mpango ukawa aende Ceylon, Sri Lanka ya leo, akafanye uwakili huko. Badala ya kupanda meli akaamua kwenda kwa nchi kavu na rafiki yake Mitford, Uturuki, Shamu, Iraki, Uajemi... Ceylon hakufika mpaka leo. Mitford alifika, jamaa alibaki njiani.

Kwa hiyo dogo, kama hujawahi kusimama mahakamani na tayari unachukia ofisi, Layard atakuongea moja kwa moja. Kama umeshafanya kazi, kazi unaiweza, na bado kuna kitu kinakuvuta nje, Stephens ndo mwenzio. Mi nilikaa miaka minne kwenye chemba ya mawakili nikiandaa hati za viapo kwa hiyo najua niko upande gani, na nakuambia mapema ili usiseme sikukuonya kwamba nimeegemea.

Bahati nzuri wote wawili walipita sehemu moja, Petra, ule mji wa kale uliochongwa kwenye miamba, Jordan ya leo, kwa hiyo unaweza kuwapima kwenye mizani ileile. Stephens alifika 1836 akiwa amevaa kama mfanyabiashara wa Cairo, kajipa jina Abdel Hasis, amepatana bei na shehe wa jangwani kabla ya kuanza safari, na njia nzima analalamika kwamba anakamuliwa hela ila anacheka. Layard alipita 1840, kijana wa miaka 22, karibu peke yake, akagombana na wenyeji waliomdai malipo, na kwenye safari ileile akaibiwa vitu mara kadhaa. Ujasiri anao Layard, hilo halina ubishi, huyu mtu baadaye aliishi na Wabakhtiari kwenye milima ya Uajemi kama mmoja wao. Lakini ukisoma utaona Stephens anawatazama watu na kujitazama yeye, Layard anatazama sana njia iliyo mbele.

Sasa kazi zenyewe.

Mwaka 1839 Rais Van Buren alimpa Stephens kazi ya ubalozi Amerika ya Kati. Shida ni kwamba serikali aliyotumwa kwenda kuiona ilikuwa inasambaratika, vita vya wenyewe kwa wenyewe, kiongozi mmoja Morazán huku, mpinzani wake Carrera kule, na balozi wetu anazunguka na barua zake akitafuta serikali kama mtu anayetafuta ofisi iliyohama bila kuacha kibao. Hapo mimi nacheka kila nikisoma. Hakuipata. Ila pembeni ya hiyo kazi alikuwa amekubaliana na Frederick Catherwood, msanifu majengo na mchoraji wa Kiingereza, kwamba wataenda kutafuta magofu yaliyosemwa yapo msituni. Wakapita Camotán wakakamatwa usiku na askari waliolewa wakafungiwa, pasipoti hazikusaidia kitu. Baada ya hapo ndo wakaingia Copán, mji wa kale wa Wamaya, Honduras ya leo.

Pale Copán ndo nataka usome polepole. Kuna bwana anaitwa Don José María anayedai eneo lile ni lake, analeta karatasi zake, na Stephens anasema alizisoma kwa makini kama vile anataka kufungua kesi ya kumtoa mtu kwenye ardhi. Uwakili haujamtoka! Akapima, akaona hati ziko sawa, akaamua kununua mji. Mji mzima, na nguzo zake za mawe zilizochongwa sura za watu. Don José María akawa anasitasita, kwa hiyo Stephens akafungua sanduku akavaa koti lake la kidiplomasia lenye vifungo vikubwa vya tai, juu ya shati la mirabaraba na suruali nyeupe iliyojaa tope mpaka magotini. Bei dola 50. Anasema mwenyewe hawakuvutana bei, jamaa alimuona mjinga tu, angetoa zaidi angemuona kitu kibaya kuliko mjinga.

Hapohapo kuna sehemu utakunja uso. Akijielezea na lile koti anajifananisha na mfalme mweusi wa pwani ya Afrika aliyepokea maofisa wa Kiingereza akiwa na kofia na koti la kijeshi bila suruali. Ndo mzaha wa karne ile, sikufichi, umo humo.

Catherwood naye alikuwa anasimama kwenye tope na glavu mkononi kwa ajili ya mbu, anachora. Mwanzoni mkono ulikataa kabisa maana zile nakshi hazikufanana na chochote alichowahi kuchora, na huyu alikuwa ameshachora Misri. Baadaye wakaenda kwenye magofu ya Palenque na Uxmal, Meksiko ya leo, wakarudi tena 1841 wakazunguka Yucatán, jumla kwenye hiyo safari ya pili Stephens anahesabu miji 44 iliyobaki magofu.

Layard upande wake alipata mkono wa balozi wa Uingereza Constantinople, Stratford Canning, aliyetoa pauni 60 za mfukoni mwake. (Jina Canning kama unalisikia kwenye historia ya Zanzibar hujakosea sana, binamu yake huyu alikuwa baba wa yule Lord Canning, gavana mkuu wa India, aliyetoa hukumu ya 1861 ya kutenganisha Zanzibar na Maskati, Zanzibar ikawa inalipa riale elfu 40 kwa mwaka. Ukoo wa kuamua mambo ya watu.) Novemba 1845 akateremka mto Tigris kwa chelezo, akawaambia watu kwamba anaenda kuwinda nguruwe mwitu, akafika Nimrud, mji wa kale wa Waashuru, akaajiri Waarabu sita, na siku ya kwanza tu ya kuchimba wakagonga kuta za majumba mawili ya kifalme. Siku ya kwanza! Kuna watu wamechimba miaka ishirini hawajapata hata kigae cha maana.

Kisa chake kinachokumbukwa na wengi ni cha kichwa kikubwa cha jiwe, chenye ndevu, kilipojitokeza udongoni, wakaja wapanda farasi mbio kumwita kwamba Bey (yaani bwana), njoo, tumempata Nimrodi mwenyewe. Mfanyakazi mmoja akakimbia mpaka Mosul, mji ukachafuka, gavana akasimamisha kazi kwanza. Halafu mwaka 1847 kusafirisha wale fahali wenye mabawa, mkokoteni wa mbao ulioundwa makusudi, watu kama 300 wanavuta kwa kelele na ngoma, kamba zinakatika fahali anadondoka puu, kila mtu anajua imekwisha, kumbe limeangukia mahali palepale lilipotakiwa na halijapasuka. Kisha kwenye chelezo kilichoelea juu ya viriba 600 vya ngozi vilivyojazwa upepo, mpaka Basra. Kwa kusimulia Layard ni fundi, sikatai, hii sehemu ni sinema tupu.

Na kwa msomaji wa huku kwetu Layard ana faida moja kubwa, majina unayajua tayari. Ninawi ya Nabii Yona, au Yunus kama wewe ni Muislamu, Senakeribu, Lakishi, yote yamo. Ile nguzo nyeusi ya Shalmanesa, mfalme wa Ashuru, aliyoipata 1846 ina picha ya mtu amesujudu, na baadaye wasomaji wa maandishi wakamtambua ni Yehu mfalme wa Israeli, yule wa kwenye Wafalme. Kwa Stephens hujui jina hata moja na yeye mwenyewe hajui, maana maandishi ya Wamaya hakuna aliyeweza kuyasoma wakati huo.

Ila sasa hapa ndo penye moyo wa swali lako dogo, kwa sababu uliniambia unataka kuona kama sheria inakusaidia kitu nje ya sheria. Angalia kila mmoja alifanya nini na ushahidi.

Wakati wa Stephens maoni ya wasomi yalikuwa kwamba Wahindi wa Amerika hawawezi kujenga vile, lazima walikuja Wamisri, au Wafoinike, au makabila kumi ya Israeli yaliyopotea, au watu wa bara lililozama. Yeye alikuwa ameshatembea Misri kwa miguu yake. Mwishoni mwa kitabu chake cha 1841, Incidents of Travel in Central America, Chiapas and Yucatan, anakaa chini na kupanga hoja kama majumuisho ya kesi. Piramidi hizi sio kama zile, hizi ni majukwaa ya kubeba majengo. Nguzo hazifanani. Maandishi ya Copán na Palenque ni ya aina moja wakati leo wenyeji wa sehemu hizo wanaongea lugha tofauti, kwa hiyo walikuwa na uandishi mmoja. Linta za mbao bado zipo juu ya milango, mbao ngapi zinadumu maelfu ya miaka kwenye mvua ile? Kwa hiyo majengo sio ya kale sana kama mnavyotaka, na waliojenga ni mababu wa watu hawahawa mnaowadharau. Akaongeza kwamba anaamini historia yao imeandikwa kwenye mawe yao, na sanamu ni za watawala wao.

Hana chuo kinachomlinda, hana tarehe, hana kamusi, na alipatia. Mwaka 1952 Mrusi Yuri Knorozov akaonyesha njia ya kuyasoma yale maandishi, na leo tunajua baadhi ya zile sanamu za Copán ni za mfalme wa 13 wa pale aliyeuawa mwaka 738 baada ya kushindwa na mtawala wa Quiriguá. Wafalme, majina, tarehe, vita. Kama alivyosema.

Layard kwenye kipengele hiki ni mwepesi. Kitabu chake cha 1849, Nineveh and Its Remains, kinabeba jina la Ninawi na sehemu kubwa ya mambo yaliyomo ni ya Nimrud, ambayo ni Kala ya kwenye kitabu cha Mwanzo, sio Ninawi. Ninawi yenyewe ni Kuyunjik, ng'ambo ya mto kutoka Mosul, ambayo kweli aliichimba vizuri baadaye na kufungua jumba la Senakeribu lenye vyumba 71, ila jina lilishauza kitabu. Na kiliuza jamani, karibu nakala 8,000 kwa mwaka, mwenyewe akatania kwamba sasa kitakaa bega kwa bega na kitabu maarufu cha mapishi cha enzi hizo. Simlaumu sana, British Museum walimpa hela kiduchu na wanataka masanamu, kwa hiyo alichimba kwa kufuata kuta, katikati ya vyumba mara nyingi akaacha. Alikuwa na mteja, na mteja alitaka mzigo ufike London.

Kuna kitu kimoja kinamrudishia Layard heshima mbele yangu. Msaidizi wake Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, ndiye mwaka 1853 aliyegundua jumba la Ashurbanipali, mfalme wa Ashuru, na mabamba ya udongo yenye maandishi ambamo yalitoka masimulizi ya Gilgamesh, shujaa wa kale wa Mesopotamia. Baadaye serikali ya Uingereza ikamtuma Rassam kwa Mfalme Tewodros wa Ethiopia, akafungwa huko mpaka jeshi la Waingereza lilipofika Magdala, ngome ya mfalme huyo, 1868, na aliporudi heshima zake za uchimbaji zilikuwa zimegawiwa watu wengine. Uzeeni akamshtaki mtaalamu mmoja wa British Museum, Budge, kwa kumchafulia jina, akashinda 1893, fidia pauni 50. Layard, mzee wa zaidi ya miaka 70, alisimama upande wa Rassam bila kumung'unya. Yaani mtu aliyekimbia sheria maisha yake yote, mwishoni anarudi kwenye kesi kwa ajili ya rafiki. Mwaka uliofuata akafa.

Kwenye uporaji usimpe mmoja utakatifu. Layard alipeleka vitu London. Stephens naye alikuwa na ndoto ya kuikata Copán vipande aipeleke New York, na linta za mbao zilizochongwa alizozitoa Yucatán zilifika New York kweli, zikawekwa kwenye jengo la maonyesho la Catherwood, likaungua lote 1842. Zilikaa juu ya milango yao karne nyingi, mikononi mwake hazikumaliza miezi. Upande wa pili, Nimrud ililipuliwa 2015 na wale wa dola la kiislamu, na vilivyokuwa London vimebaki. Hii hesabu sijui inafungwaje, kila nikiifunga inafunguka.

Wa tatu niliyemuahidi ni Richard Nicklin Hall. Naye mwanasheria wa Kiingereza, akaenda Rhodesia (Zimbabwe ya leo) miaka ya mwisho ya 1890, na 1902 akapewa kazi ya kutunza magofu ya Great Zimbabwe. Kutunza tu. Yeye akachimbua na kutupa matabaka ya udongo akiyaita takataka za Waafrika, akitafuta chini yake wajenzi wa kutoka Uarabuni na kwingineko ambao hawakuwepo. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Randall-MacIver akaja akachimba akasema hii ni kazi ya Waafrika, Hall badala ya kukubali akaandika kitabu kizima cha kumjibu, 1909. Gertrude Caton-Thompson akarudia utafiti 1929, jibu likawa lilelile, Waafrika. Na kwenye magofu hayo ilikuja kupatikana sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, jamaa wa lile jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa, kwa hiyo biashara na pwani yetu ilikuwepo kweli, ila muuza dhahabu alikuwa ndiye mwenye nyumba. Hall alikuwa na mbinu za wakili zote, ushahidi, viambatanisho, majibu ya majibu, isipokuwa hukumu aliiandika kabla ya shahidi wa kwanza. Na ule udongo alioutupa hauwezi kurudishwa, hiyo ndo inaniuma.

Ndo maana nasema anza na Stephens. Miaka zaidi ya 60 kabla ya Hall kupewa funguo za Zimbabwe, swali lilikuwa lilelile, hawa watu wangewezaje kujenga hivi, na wakili mmoja aliangalia mawe akajibu vizuri. Hata yeye aliwaona wenyeji wa siku zake kama watu walioporomoka, soma na hilo, lakini hakuwanyang'anya mababu zao.

Layard mchukue wa pili, au mchukue wa kwanza kama unasoma kwenye daladala na unataka kitu kinachokimbia, au kama Biblia ndo mlango wako wa kuingilia historia. Na kama unachotafuta ni mfano wa maisha, sio kitabu, basi hesabu na hii: Layard alienda bungeni, akawa naibu waziri wa mambo ya nje, balozi Madrid na Constantinople, akastaafu Venice kwenye nyumba ya kifahari, akafa 1894 na miaka 77. Stephens aliingia kwenye reli ya Panama, akawa rais wa kampuni, msitu na homa vikammaliza, akafa New York Oktoba 1852 akiwa na miaka 46, reli ikaisha 1855 hayupo. Catherwood akazama na meli ya Arctic 1854.

Vyote viwili vya wazee hawa ni bure mtandaoni, hakimiliki iliisha zamani. Stephens kina juzuu mbili, zile kurasa za siasa za Morazán na Carrera unaweza kuziruka ukachoka nazo baadaye, nenda na Camotán na Copán kwanza halafu ruka mpaka ile sura ya mwisho ya hoja. Ila dogo usidaunlodi ile ya maandishi matupu kwa sababu ya bando, tafuta iliyoskaniwa kutoka kwenye kitabu chenyewe, MB zake nyingi lakini ina michoro ya Catherwood. Nitakutumia vocha.